Jinsi ya Kuchambua Migusano ya Mabaki ya Asidi Amino Katika Umbo la Protini

Asidi amino inapoungana na jirani yake hupoteza molekuli ya maji, na kinachosalia ndani ya mnyororo ndicho tunachokiita baki. Mnyororo huo haukai umenyooka. Hujikunja mpaka mabaki yaliyo mbalimbali kwa hesabu ya namba yanajikuta yamelaliana. Katika ubikwitini, protini ndogo yenye mabaki 76, valini ya 5 na lusini ya 67 ni majirani wa karibu kabisa ingawa kati yao kuna mabaki 61. Ukaribu wa namna hiyo ndio mgusano, na mtandao mzima wa migusano ndio unaoishikilia protini katika umbo lake.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kompyuta ya kawaida, anayejua Python kidogo, na ambaye amekwisha kuona picha ya protini akatamani kujua nini kinashikana na nini. Nitatumia ubikwitini kwa sehemu kubwa kwa sababu ni ndogo na imechunguzwa sana, hivyo ni rahisi kujua kama umekosea.

Hatua ya 1: Andika swali lako

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ya muhimu kuliko zote. Mgusano hauko ndani ya faili ukisubiri kuokotwa. Ndani ya faili mna atomu na mahali zilipo, basi. Ni wewe unayeamua kwamba umbali huu ni mgusano na ule sio, na uamuzi huo hutegemea unachotafuta.

Anayetaka kujua kwa nini mutesheni fulani, yaani badiliko la asidi amino moja kuwa nyingine, inaivuruga protini anahitaji migusano ya atomu kwa atomu. Anayelinganisha umbo zima la protini mbili anahitaji kipimo kimoja tu kwa kila jozi ya mabaki. Anayechunguza jinsi protini mbili zinavyoshikana hana haja na migusano ya ndani ya kila moja. Andika swali hilo kwa sentensi moja kwenye daftari kabla ya kupakua chochote, kwa sababu ukianza na hesabu utajikuta unalitafutia jibu swali la kulifaa.

Hatua ya 2: Pata umbo, kisha likague

Maumbo yaliyopimwa maabara huhifadhiwa katika Benki ya Data ya Protini, PDB, iliyoanza mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7 na sasa ina zaidi ya 200,000. Kila umbo lina msimbo wake. Ubikwitini ya binadamu tutakayotumia ni 1UBQ. Pakua faili la mmCIF badala ya faili la zamani la PDB, kwa maana lile la zamani lina nafasi finyu za kuandikia na halitoshi kwa maumbo makubwa.

Sasa kagua. Anza na ubainifu, yaani uwezo wa kipimo kutofautisha vitu vilivyo karibu karibu. 1UBQ ina ubainifu wa angstromu 1.8, na angstromu 1 ni sehemu moja ya bilioni 10 za mita. Hapo matawi ya pembeni ya mabaki, yaani sehemu zinazochomoza nje ya mnyororo, huonekana vizuri. Umbo la ubainifu wa angstromu 3.5 au zaidi linaweza kukuonyesha mnyororo unapopita, lakini usiliamini linapokwambia kwamba oksijeni fulani iko angstromu 3.1 kutoka kwa nitrojeni fulani.

Angalia pia kigezo B cha kila atomu, ambacho hueleza mtawanyiko wake. Thamani ya 20 ni sawa na kutawanyika kwa takriban nusu angstromu kuelekea upande mmoja, na thamani ya 80 ni karibu angstromu nzima. Mgusano kati ya atomu mbili zenye thamani ya 80 umesimama juu ya mchanga.

Kuna mambo manne mengine ambayo huharibu hesabu kimyakimya.

La kwanza ni mabaki yasiyoonekana. Sehemu zinazochezacheza hazitoi picha kwenye eksirei, miale inayopigwa kwenye fuwele la protini ili kupima umbo lake, kwa hiyo hazimo kabisa katika faili. Programu yako haitakwambia kwamba hazipo. Itaonyesha tu kwamba hazina migusano.

La pili ni mikao pacha. Tawi moja la pembeni linaweza kuandikwa mara mbili, kila mkao ukiwa na herufi yake na kiwango chake cha ukaaji, tuseme 0.6 na 0.4. Usipochagua mmoja, baki hilo litaonekana na migusano mingi kuliko haki yake. Nimewahi kutumia siku mbili nikieleza kwa nini arginini moja ilikuwa kitovu cha mtandao mzima, kumbe nilikuwa nikiihesabu mara mbili. Tangu siku ile huchuja mikao kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

La tatu ni kipande kilichomo katika faili. Faili la fuwele huhifadhi kile kipande kidogo kinachorudiwarudiwa kujenga fuwele, na kipande hicho kinaweza kuwa nusu ya protini inayofanya kazi mwilini, au nakala tatu zake. Tafuta faili la mkusanyiko wa kibayolojia, nalo hupatikana palepale PDB.

La nne ni namba. Himoglobini ya selimundu hutokana na asidi glutamiki ya 6 ya mnyororo wa beta kugeuka kuwa valini, na ndivyo vitabu vingi vinavyoandika. Ila wanaofuata kanuni za sasa za jenetiki huhesabu kuanzia methionini ya mwanzo ambayo huondolewa baadaye, hivyo kwao badiliko hilohilo ni la namba 7. Mmoja wao akikutumia orodha ya mutesheni na ukaitafuta katika umbo bila kuuliza, utachunguza baki lisilohusika. Hata ndani ya faili moja la mmCIF mna namba za aina mbili, za watafiti waliolipima umbo na za benki yenyewe. Hakikisha kwamba herufi ya asidi amino inalingana na namba kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3: Amua mgusano ni nini

Kuna fasili tatu zinazotumika sana.

Fasili ya Cα hupima umbali kati ya kaboni alfa za mabaki mawili, yaani kaboni za mnyororo ambako tawi la pembeni huanzia, kwa kizingiti cha angstromu 7 au 8 hivi. Ni nyepesi na hufanya kazi hata pale matawi ya pembeni hayakuonekana. Udhaifu wake ni kwamba haijui tawi limeelekea wapi: mabaki mawili yaliyopeana migongo yatahesabiwa sawa na mawili yanayotazamana.

Fasili ya Cβ hutumia kaboni ya kwanza ya tawi la pembeni, kwa kizingiti cha angstromu 8. Glaisini haina Cβ, kwa hiyo hutumiwa Cα yake. Hii ndiyo fasili iliyotumika katika mashindano ya CASP ya kutabiri maumbo ya protini, na ukitaka kulinganisha matokeo yako na ya wengine wa fani hiyo, itumie bila kuibadilisha.

Fasili ya atomu nzito huchukua umbali mfupi kuliko wote kati ya atomu yoyote ya baki moja na atomu yoyote ya jingine, hidrojeni zikiwekwa kando, kwa kizingiti cha angstromu 4 hadi 5. Ukizingatia kwamba nusu kipenyo cha van der Waals cha kaboni, yaani ukubwa wake inapogusana na atomu nyingine bila bondi, ni angstromu 1.7, kaboni mbili zinazogusana barabara ziko kwenye 3.4. Kizingiti cha 4.5 basi kinaacha nafasi kidogo kwa makosa ya kipimo bila kuruhusu atomu ya tatu kujipenyeza katikati. Kwa maswali ya kemia, mimi huichagua hii.

Amua vilevile utaachia majirani wangapi wa mnyororo. Kaboni alfa mbili zinazofuatana huwa angstromu 3.8 kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo kila baki litamgusa jirani yake, jambo lisilokufundisha kitu. Kwenye helisi ya alfa, sehemu ya mnyororo iliyojisokota kama springi, baki lolote hushikana na la nne kutoka kwake. Ukitaka kuona mkunjo wa jumla tu, puuza jozi zote zilizo karibu kuliko namba 6. CASP waliita migusano ya 6 hadi 11 mifupi, 12 hadi 23 ya kati, na kuanzia 24 mirefu, na hiyo mirefu ndiyo hubeba habari nyingi zaidi kuhusu umbo.

Hatua ya 4: Kokotoa

Weka Biopython, maktaba ya Python ya kusoma maumbo ya protini, kwenye kompyuta yako, kisha andika hivi:

```python
from Bio.PDB import MMCIFParser, NeighborSearch

umbo = MMCIFParser(QUIET=True).get_structure("ubq", "1ubq.cif")
atomu = [a for a in umbo[0].get_atoms()
         if a.element not in ("H", "D")
         and a.get_parent().id[0] == " "]

jozi = {}
for a, b in NeighborSearch(atomu).search_all(4.5, "A"):
    r, s = sorted((a.get_parent(), b.get_parent()))
    mnyororo_mmoja = r.get_parent() is s.get_parent()
    if mnyororo_mmoja and abs(r.id[1] - s.id[1]) < 4:
        continue
    umbali = a - b
    jozi[(r, s)] = min(umbali, jozi.get((r, s), 99))

for (r, s), umbali in sorted(jozi.items()):
    print(r.resname, r.id[1], s.resname, s.id[1], round(float(umbali), 2))
```

Mstari unaotaka kitambulisho kianze na nafasi tupu ndio unaotupa nje maji na vitu vingine visivyo vya mnyororo. Katika 1UBQ hubaki atomu 602 za protini, na molekuli 58 za maji huondoka. Atomu 602 zina jozi 180,901, idadi ambayo kompyuta huimudu bila shida, lakini protini kubwa zingeifanya ihemewe. NeighborSearch hupanga atomu kwa mti wa nafasi, ikatafuta majirani tu badala ya kupima kila jozi.

Usikubali matokeo kabla ya kuyajaribu. Katika orodha ya ubikwitini lazima uone Ile3 na Leu15, Val5 na Ile13, na Val5 na Leu67 (Ile ni isolusini, Leu ni lusini, Val ni valini, na namba ni ya baki). Zikikosekana, kuna kosa mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye uchujaji au kwenye namba.

Kisha rudia hesabu kwa kizingiti cha 4.0 na cha 5.0. Idadi itabadilika, hilo ni kawaida. Unachotazama ni kama hitimisho lako linabadilika. Baki lililokuwa kitovu kwa 4.5 likipotea kabisa kwenye orodha ya vitovu kwa 4.0, hujapata ugunduzi. Umepata athari ya kizingiti.

Hatua ya 5: Chora ramani na uisome

Chora mraba, namba za mabaki zikiwa pande zote mbili, na utie nukta kila palipo na mgusano. Ramani hii ina ulinganifu kuvuka mstari wa mshazari unaotoka kona hadi kona, maana 5 ikimgusa 67, basi 67 humgusa 5.

Macho huizoea haraka. Helisi ya alfa hujitokeza kama mkanda mnene uliokumbatia mshazari, na katika ubikwitini utauona kuanzia baki la 23 hadi la 34. Nyuzi mbili za beta, yaani vipande vya mnyororo vilivyonyooka na kulala kando kwa kando, zinazokwenda kinyume hutoa mstari unaoukata mshazari kama msalaba: tazama 1 na 17, 3 na 15, 5 na 13, jumla yake ni 18 kila mara. Nyuzi zinazokwenda upande mmoja hutoa mstari unaokwenda sambamba na mshazari, mbali nao. Huo utauona pale uzi wa kwanza unapolala kando ya uzi wa mwisho, karibu na 5 na 67, ambapo tofauti hubaki 62 jozi baada ya jozi.

Ukiwa na ramani unaweza pia kukokotoa wastani wa umbali wa namba kati ya mabaki yanayogusana, ukigawanya kwa urefu wa protini. Mwaka 1998 Plaxco, Simons na Baker walionyesha kwamba kwa protini ndogo zinazojikunja kwa hatua moja, wastani huo unapokuwa mkubwa, kujikunja huwa polepole. Mpaka leo naona ajabu kwamba nukta za ramani, bila nishati yoyote kukokotolewa, zinaweza kukudokezea mwendo.

Hatua ya 6: Tenganisha aina za migusano

Orodha yako hadi hapa inasema tu nani yuko karibu na nani. Sasa uliza wanashikana kwa kitu gani.

Bondi ya hidrojeni: atomu inayotoa hidrojeni na inayopokea ziwe ndani ya angstromu 3.5, na pembe kwenye hidrojeni izidi nyuzi 120. Eksirei kwa kawaida haioni hidrojeni, kwa hiyo inabidi uziongeze kwa programu kama Reduce. Programu hiyo hukagua pia kama asparajini, glutamini na histidini zimegeuzwa vibaya. Katika picha ya eksirei nitrojeni na oksijeni za asparajini hufanana mno, mpimaji huweza kuzibadilishana, na hapo mtoaji anaonekana mpokeaji. Ukiona nitrojeni mbili zinazotoa hidrojeni zikitazamana kwa angstromu 2.9, shuku hilo kwanza.

Daraja la chumvi: oksijeni ya tawi la aspateti au glutameti na nitrojeni ya tawi la lisini au arginini zikiwa ndani ya angstromu 4, kipimo kilichotumiwa na Barlow na Thornton mwaka 1983. Katika ubikwitini itafute Lys27 na Asp52. Histidini inahitaji tahadhari, kwa kuwa chaji yake hutegemea asidi ya mahali ilipo.

Bondi ya disalfaidi: salfa mbili za sisteini kwa angstromu 2.05 hivi. Hii ni bondi kamili ya kikemia, usiichanganye na migusano mingine unapohesabu.

Migusano ya mabaki yanayokimbia maji ndiyo mingi kuliko yote, na haina pembe wala chaji ya kupima. Hapa namba moja moja hazina maana kubwa; tazama kundi. Ile3, Val5, Ile13, Leu15, Val26, Leu43, Leu56 na Leu67 zote hugusana ndani kwa ndani na kuunda kiini cha ubikwitini. Kisha mtazame Ile44, aliye nje pamoja na Leu8 na Val70. Baki linalokimbia maji, lenye migusano michache ya ndani na limeachwa juu ya uso, huwa linangoja mgeni, na ni kweli kwamba protini nyingi zinazomshika ubikwitini humshikia hapo.

Unapolinganisha mabaki, kumbuka kwamba triptofani ni kubwa na glaisini haina tawi. Triptofani yenye migusano 9 inaweza kuwa ya kawaida kabisa, ilhali glaisini yenye 6 inastahili kutazamwa. Linganisha triptofani na triptofani.

Hatua ya 7: Mahali protini mbili zinapokutana

Kwa zoezi hili tumia 1BRS: banazi, kimeng'enya kinachokata RNA, kikiwa kimeshikwa na kizuizi chake basta. Faili lina nakala tatu za jozi hiyo, banazi zikiwa A, B na C, na basta D, E na F. Kokotoa A na D, B na E, C na F kila moja peke yake, kisha utafute migusano iliyomo katika zote tatu. Nakala ni kama mashahidi watatu wa tukio moja: wanachokubaliana wote kina uzito, na anachokisema mmoja tu huenda kimeletwa na msongamano wa fuwele.

Asp39 wa basta atajitokeza akiwa amezungukwa na Arg83, Arg87 na His102 wa banazi. Rudia pia ukiruhusu maji, maana mabaki mawili yasiyogusana moja kwa moja yanaweza kushikana kupitia molekuli moja ya maji iliyo kati yao, na yale maji tuliyoyatupa katika hatua ya 4 hapa ni sehemu ya jibu.

Hatua ya 8: Maumbo yaliyotabiriwa na yanayotembea

Umbo la AlphaFold, programu ya kutabiri maumbo ya protini, huweka kiwango cha uhakika, kati ya 0 na 100, mahali pa kigezo B. Ukisahau, utasoma namba kinyume: hapa kubwa ni nzuri. Mabaki yaliyo chini ya 50 yaache nje. Kwa migusano kati ya sehemu mbili kubwa za protini, kiwango hicho hakitoshi. Fungua jedwali la makosa ya jozi linaloitwa PAE, kwa sababu kila sehemu inaweza kuwa sahihi kabisa peke yake huku namna zilivyopangwa ikiwa ni kisio.

Ukiwa na sinema ya mwendo wa molekuli, tumia maktaba ya Python ya MDAnalysis au MDTraj na uhesabu kila mgusano umekuwapo kwa asilimia ngapi ya muda. Jozi inayochezea kwenye 4.5 itaonekana kuvunjika na kuunganika mara mamia. Nakushauri uhesabu umeungana ukifika 4.5, na umevunjika pale tu ukizidi 6. Endesha sinema kadhaa zenye mwanzo tofauti. Moja ndefu haitoshi.

Zoezi la kujipima

Pakua 2HBS, himoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni. Minyororo ya beta ni B, D, F na H. Kokotoa migusano ya Val6 kwa kila mmoja, kwanza ndani ya molekuli yake mwenyewe. Hutaona la kushtua. Kisha ongeza molekuli ya pili iliyomo katika faili pamoja na nakala jirani za fuwele, ambazo PyMOL, programu ya kuchora maumbo ya protini, huzizalisha kwa amri ya symexp, uhesabu tena. Kwa kila molekuli, mmoja tu kati ya Val6 wawili atakuwa amezama katika kishimo cha molekuli jirani, kati ya Phe85 (fenilalanini) na Leu88. Chora jozi hizo kwenye skrini, zungusha, na upime umbali kwa mkono.